Mama kawekewa mrija wa presha ya macho, sasa presha imeanguka mpaka 4. Tuutoe?

"Daktari shikamoo. Mama yangu ana miaka 61, tupo Tanga. Jicho la kushoto lilishakufa kwa presha ya macho tangu 2019. La kulia alifanyiwa oparesheni ya kwanza mwaka juzi ikaziba, na wiki saba zilizopita wamemwekea mrija kwenye hospitali moja Dar, daktari alisema ni mrija wa kutoka India. Wiki za mwanzo presha ilikuwa bado 31, mara 28, tukaambiwa aendelee na matone yote na vidonge. Wiki ya sita akaamka asubuhi anaona ukungu, tukaenda, wakapima wakakuta 4. Wakasema maji yamejaa nyuma kwenye ukuta wa jicho, wakampa matone ya kupanua mboni na ya kupunguza uvimbe, arudi baada ya wiki. Nyumbani wamegawanyika, mjomba anasema mrija umeoza utolewe, shangazi kaleta majani ya kuoshea. Mimi sielewi, si tulikuwa tunataka presha ishuke? Mbona imeshuka ndo haoni? Matone ya zamani bado anaweka maana tuliambiwa ni ya maisha. Halafu anaswali, je kusujudu kunadhuru?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mama, na kwako wewe unayekimbizana naye Tanga na Dar.

Naanza na kitu cha leo, mengine yatafuata. Umeandika kwa kupitia tu kwamba matone ya zamani bado anaweka kwa sababu mliambiwa ni ya maisha, na hapo ndo niliposhtuka. Matone yale, yawe timololi, yawe dozolamaidi, na vile vidonge vya Diamox vinavyofanya vidole viwe na ganzi na soda ikose utamu, kazi yake ni kupunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho. Jicho lenye presha 31 linayahitaji. Jicho lenye presha 4 linahitaji kila tone la maji linaloweza kutengeneza, kwa hiyo ukiendelea kulipunguzia unalichelewesha kupona. Kwa kawaida presha ikianguka hivyo tunasimamisha dawa za kushusha presha kwenye jicho hilo mpaka lijae tena, na vidonge pia, maana kidonge hakichagui jicho. Inawezekana kabisa mliambiwa ikapotea kwenye pilikapilika za siku ile, mtu ukishasikia "maji yamejaa nyuma ya jicho" mengine yote hayaingii kichwani. Sasa chukua chupa zote alizonazo, ziweke mezani, mpigie daktari wake leo hiihii umsomee jina moja moja, na kila jina aseme hii isimame au hii iendelee. Usikisie mwenyewe, kwa sababu ile ya kupanua mboni na ile ya kupunguza uvimbe, ambayo kwa kawaida ni steroidi, ndo zinazomtibu sasa hivi, na ukichanganya ukaacha hizo ukabaki na timololi utakuwa umefanya kinyume chake kabisa.

Ukishapiga simu rudi hapa tuongee taratibu.

Swali lako ni la haki na wengi wanaliuliza: oparesheni ilikuwa ya kushusha presha, mbona wiki za mwanzo haikushuka, halafu iliposhuka ikawa shida mpya? Ukielewa mrija ule unafanyaje kazi utaona hayo mambo mawili ni kitu kimoja.

Ndani ya jicho kuna maji, na hapa sisemi machozi, machozi ni ya nje. Haya ya ndani yanatengenezwa muda wote, kama mikrolita 2 na nusu kwa dakika, kidogo mno, ukikusanya ya mchana na usiku wake hayajazi kijiko cha chai. Yanatengenezwa nyuma ya ile rangi ya jicho, yanapita kwenye mboni yanakuja mbele, halafu yanatoka kupitia kichujio kilichopo kwenye kona pale rangi ya jicho inapokutana na kioo cha mbele. Kwa mgonjwa wa presha ya macho kutoka ndo kuna tatizo, maji yanabanana, na mgandamizo ule unaua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, polepole, bila maumivu. Mshipa ule ukifa haurudi, ndo maana jicho la kushoto hakuna daktari atakayelirudisha, na ndo maana wote wanaomshughulikia mama wanalilinda hili la kulia kwa nguvu zote. Tena sio ugonjwa wa watu wachache huku kwetu, utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta watu kama 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea wanao.

Sasa mrija. Mtu wa kwanza kuufanya uwe na kisahani kama tunavyoujua leo ni daktari Anthony Molteno, kule Cape Town, Afrika Kusini, miaka ya mwisho ya 1960. Mawazo ya kupitisha kitu jichoni ili maji yafuate yalikuwepo kabla, mwaka 1906 kuna daktari Mfaransa alijaribu unywele wa farasi, ila yalikuwa yanafeli kwa sababu kovu liliziba pale maji yalipotokea. Molteno akaona kumbe maji yapelekwe mbali, nyuma ya jicho, chini ya ngozi yake laini, na pale nyuma kuwe na kisahani kitakachozuia nyama isishikane. Mpaka leo ni hivyo. Kampira kembamba, unene wake 0.6 mm na tundu la ndani 0.3 mm, kanaingia mbele ya jicho na mwisho wake wa pili umeshikana na kisahani kilichoshonewa juu ya jicho kuelekea upande wa sikio, ndani kabisa chini ya kope ya juu, huwezi kukiona ukimtazama.

Kuna ya aina mbili, na hapa ndo penye jibu lako. Kuna yenye vali, maarufu ni Ahmed, ambayo ina kizuizi ndani kinachojaribu kubana presha ikishuka. Na kuna isiyo na vali, kama Baerveldt wa Marekani, na ule wa India unaotengenezwa na Aurolab kule Madurai, ulioingia kazini mwaka 2013 kwa kufuata umbo la Baerveldt kwa bei ya chini sana, ndo maana umefika kwa wagonjwa ambao zamani mrija ulikuwa ni jina tu. Ukiniambia "mrija wa India", halafu presha ilikaa juu wiki tano, halafu wiki ya sita ikaanguka kwa siku moja, kabla sijaona hata kadi ya mama nina hakika karibu yote kwamba ni huo usio na vali.

Tundu la 0.3 mm mimi na wewe tunaliona dogo, ila kwa maji yale machache ni mtaro. Ukiuacha wazi siku ya oparesheni jicho linamwagika lote. Kwa hiyo daktari anaufunga kwa uzi unaoyeyuka, na uzi huo unachukua wiki nne mpaka sita kuachia. Wakati mrija umefungwa mwili unafanya kazi nyingine kule nyuma, unakizungushia kisahani ukuta wa nyama, kama kifuko hivi. Kifuko hicho ndo vali yenyewe. Maji yakifika kule yanapenya kwenye ukuta wa kifuko polepole na kunywewa na mishipa ya damu, na uzito wa ukuta ule ndo utakaoamua presha ya mama itakuwa ngapi mwaka huu na miaka ijayo.

Kwa hiyo 31 na 28 za wiki za mwanzo hazikuwa oparesheni iliyofeli, ulikuwa ni mrija uliofungwa makusudi, na ndo maana mliambiwa dawa zote ziendelee. Halafu usiku mmoja, au siku moja mbili kabla ya asubuhi ile ya ukungu, uzi ukaachia. Maji yakakimbilia nyuma, kifuko bado kichanga hakijakaza, na wakati huohuo mama ana matone yote na vidonge vinavyozuia maji mapya. Mlango wa kutoka umefunguka wote na bomba la kuingiza limebanwa. Ndo 4 hiyo. Sisemi mtu kakosea, hili tunalitegemea, na ndo sababu mimi wagonjwa wangu wa mrija wa aina hii huwa nawapangia kliniki za karibu karibu kuanzia wiki ya nne, na nawaambia kabisa kwamba siku ukiamka na ukungu usisubiri tarehe ya kwenye kadi. Mlivyompeleka siku ileile mlifanya vizuri sana.

Mbona sasa haoni? Fikiria tairi la baiskeli. Upepo ukizidi tairi linaharibika, lakini ukiisha ringi inakaa chini na kila jiwe unalisikia. Jicho la kawaida lina presha kati ya 10 na 21, na upepo huo ndo unaolifanya liwe duara na kioo chake cha mbele kinyooke. Ikishuka chini ya 5 au 6 jicho linalegea, kioo cha mbele kinajikunja, retina, ile ngozi ya nyuma inayopokea picha, inajikunja pale katikati tunaposomea, na mishipa ya damu iliyo ndani ya ukuta wa jicho, kwenye ile ngozi ya kati inayoitwa koroidi, inaanza kuvujisha maji kwa sababu hakuna kinachoisukuma kutoka ndani. Maji yale yanajikusanya kati ya koroidi na ukuta mweupe, yanaivimbisha koroidi kuelekea ndani ya jicho. Hayo ndo "maji yamejaa nyuma" mliyoambiwa. Na matone ya kupanua mboni yenyewe yanaongeza ukungu, hasa wa kusoma na wa kuangalia simu, ila yana kazi yake, yanavuta lenzi irudi nyuma ili sehemu ya mbele ya jicho isifungike. Usimwachishe kwa sababu ya ukungu.

Habari ninayopenda kukupa ni kwamba wengi wa hawa wanapona bila kisu. Kifuko kinakaza siku hadi siku, presha inapanda 4, 6, 8, maji ya nyuma yananywewa, na kuona kunarudi kwa wiki kadhaa karibu na pale kulipokuwa kabla. Ila sitakuficha upande wa pili. Kama sehemu ya mbele ya jicho imekuwa bapa mpaka lenzi inagusa kioo, hapo hatusubiri, kioo kinaharibika kwa siku chache. Kama uvimbe wa nyuma umekuwa mkubwa mpaka pande mbili zinakutana katikati na kugusana, hapo pia hatukai sana. Na kama wiki zinapita presha imeganda palepale chini, tunaingilia. Kuingilia kwenyewe kuna ngazi: kuna kujaza jeli mbele ya jicho kwa sindano ndogo ili lisimame wakati kifuko kinakomaa, kuna kurudi chumba cha upasuaji kuufunga mrija tena kwa uzi, kuna kuyatoa maji ya nyuma kwa tundu dogo. Kila moja ina hatari zake, sindano inaweza kuingiza vijidudu, na kugusa tena jicho lililolegea kunaweza kuleta damu, ndo maana tukiona mbele hakujafungika na uvimbe si mkubwa, kungoja kwa uangalizi ndo matibabu yenyewe.

Neno uangalizi nalisisitiza. Kwa jicho pekee wiki nzima bila kutazamwa kwangu mimi ni ndefu, ningependa aonekane kila siku mbili tatu mpaka presha ianze kupanda. Najua Dar ni mbali na nauli ni nauli. Muulize daktari wake kama anaweza kuandika barua, halafu uliza hapo hospitali ya Bombo kama kliniki ya macho inaweza kumpima presha na kuangalia sehemu ya mbele katikati ya wiki, wakampigia yeye majibu. Maswali mawili tu ya kuuliza: presha ngapi, na mbele kuna kina au kumefungika. Uandike kwenye daftari moja na tarehe yake, na daftari hilo liwe linasafiri na mama popote.

Na kuna hali ambayo hata saa nane usiku unatoka naye. Maumivu makali ya ghafla ndani ya jicho, mara nyingi na kichefuchefu au kutapika, na kuona kunazima kwa mara moja. Hiyo inaweza kuwa mshipa wa nyuma umepasuka na damu imejaa pale palipokuwa na maji, na jicho lililolegea baada ya kuzoea presha ya juu ndo linalopata hivyo. Nyingine ni jicho kuwa jekundu zaidi, linauma, linatoa uchafu wa njano, mwanga unamchoma na kuona kunashuka, huo ni wasiwasi wa vijidudu vilivyoingia ndani, na hapo tunahesabu masaa. Kama mama anatumia aspirini au dawa nyingine za kufanya damu iwe nyepesi mwambie daktari, usizikatishe wewe. Kama ana presha ya damu pia azimeze dawa zake bila kuruka, presha ya damu na presha ya macho ni vitu viwili tofauti, ila ya damu ikipanda huku jicho limelegea mishipa ile ya nyuma inakuwa kwenye hatari zaidi.

Sasa nije kwa mjomba. Mwambie kwa heshima zote kwamba mrija hauozi. Ni silikoni, hauli nyama na wenyewe hauliwi, watu wanaishi nao miaka mingi. Kilichobadilika wiki ya sita ni uzi. Mrija tunautoa kwa nadra, pale umetoka nje ukaingiza vijidudu, au pale kila njia ya kupandisha presha imeshindikana. Ukiutoa leo jicho linarudi 31 na kupanda, na safari hii bila njia iliyobaki rahisi, maana oparesheni ya kwanza ilishaziba. Tena daktari wake alikuwa na sababu ya kuchagua mrija badala ya kurudia ile ya kwanza. Kuna utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Uingereza kwa watu 212 ambao macho yao yalishapasuliwa kabla, nusu wakawekewa mrija wa Baerveldt na nusu wakafanyiwa oparesheni ya kutoboa njia, kama ile ya kwanza ya mama. Baada ya miaka 5 waliofeli kwenye mrija walikuwa karibu 30 katika 100, na kwenye ile nyingine karibu 47. Hao 30 si wachache na sitaki ujidanganye kwamba mrija ni wa uhakika, ila kwa jicho kama la mama ndo njia iliyokuwa na nafasi nzuri zaidi, na presha kushuka sana wiki ya sita haimaanishi kwamba ameingia kwenye hao 30.

Kwa shangazi nitakuwa mkali zaidi, na naomba umsomee mwenyewe. Nilimpokea mzee mmoja mvuvi, mrija wake ulikuwa na miaka miwili na ulikuwa unafanya kazi vizuri. Ngozi ya juu ya mrija ikafunguka, pengo dogo kama punje ya mchele, yeye alihisi tu kama mchanga na machozi. Ndugu wakamwosha kwa maji ya majani asubuhi na jioni kwa siku kumi, kwa upendo wote. Alipokaa mbele ya mashine yangu niliona mrija uko nje unang'aa kama mshipi wa kuvulia, na chini mbele ya mboni usaha umetulia mstari mweupe ulionyooka, kama maziwa chini ya glasi. Tulichoma dawa ndani ya jicho siku ileile. Jicho halikurudi. Pengo la punje ya mchele tungelifunika kwa kiraka kwa saa moja akarudi kwake. Mrija ni njia iliyonyooka kutoka nje mpaka ndani ya jicho, kinachozuia vijidudu ni ngozi laini tu, kwa hiyo majani, asali, maziwa ya mama, maji ya aina yoyote yasiyotoka kwenye chupa iliyoandikwa na daktari, hapana. Nia yake ni nzuri, mpe kazi nyingine, awe ndo anayemkumbusha mama saa za matone.

Na hilo la mrija kutoka nje ulijue kwa miaka yote ijayo, maana linawapata kama watu 5 katika 100 na linaweza kuja hata baada ya miaka. Kila mwezi mkae dirishani mchana, mama aangalie chini, wewe unyanyue kope ya juu taratibu bila kugandamiza jicho. Unachotakiwa kuona ni ngozi ya pinki imefunika kila kitu. Ukiona kitu kinang'aa kama uzi wa plastiki kipo wazi, au mama akisema kuna mchanga usioisha na machozi, siku hiyohiyo hospitali. Kitu kingine cha baadaye ni kioo cha mbele kuchoka kwa sababu ya kukaa karibu na ncha ya mrija, kwenye utafiti ule niliousema ilitokea kwa kama watu 16 katika 100 ndani ya miaka 5. Dalili yake ni ukungu wa asubuhi unaopungua mchana. Na mtoto wa jicho unaweza kukomaa haraka zaidi, huo unatolewa. Kuona vitu viwili viwili nako hutajwa sana, ila kwa mama halina nafasi kubwa kwa kuwa jicho la pili halioni.

Kabla ya hayo lakini kuna kituo kimoja cha karibu ambacho sitaki kikushtue. Mwezi wa tatu hivi kifuko kikikaza presha inaweza kupanda tena, ikawa 20 na kitu. Ndugu watasema sasa mrija umeziba. Mara nyingi haujaziba, ni ukuta wa kifuko umekuwa mzito, na hapo daktari atarudisha tone moja au mawili, na baada ya miezi ukuta unalainika. Kwenye utafiti uliolinganisha Ahmed na Baerveldt, baada ya miaka 5 wagonjwa wa pande zote mbili bado walikuwa wanatumia kama dawa mbili kwa wastani, kwa hiyo kurudi kwenye matone hakumaanishi oparesheni imeenda bure. Aliyewaambia dawa ni za maisha hakuwa mbali na ukweli, ila kuna wiki za kuzisimamisha, na wiki hizi ndo zenyewe. Akiambiwa asimamishe msizigawe, ila chupa iliyofunguliwa ikipita wiki nne itupwe mnunue mpya siku ya kurudia. Na ile ya steroidi isizidishwe zaidi ya mlivyoandikiwa hata kama inamtuliza, maana ikitumika muda mrefu kwa baadhi ya watu yenyewe inapandisha presha. Inapunguzwa kwa hatua, haikatwi ghafla.

Mnapomwekea, osha mikono kwa sabuni, aketi kichwa nyuma, vuta kope ya chini kidogo, tone moja liingie bila ncha kugusa jicho, afumbe taratibu, wewe weka kidole kwenye kona ya karibu na pua kwa dakika mbili. Kidole kiwe kwenye mfupa wa pua, kisiguse jicho lenyewe. Dawa ya pili baada ya dakika tano. Kama mtu aliwahi kuwafundisha kulikanda jicho la mrija ili presha ishuke, kwa sasa msithubutu. Usiku alale na kile kifuniko cha plastiki, mito miwili, asilalie upande wa kulia, maana kufikicha jicho usingizini ndo kunakofanya mambo.

Nyumbani mpumzisheni na yale ya kuinama na kujikamua. Ufagio wa njiti, ndoo ya maji, kupuliza moto wa kuni, kinu, vyote vifanywe na mwingine. Choo kikiwa kigumu mpeni papai na maji ya kutosha, kikohozi kitibiwe mapema. Basi la kwenda Dar anaweza kupanda, akae mbele, avae miwani au kifuniko. Bodaboda kwa sasa hapana.

Kuswali. Umeuliza mwisho lakini najua kwake ndo la kwanza. Kusujudu kichwa kinashuka chini ya moyo, damu inajaa kwenye mishipa ya jicho, na kwa jicho lililolegea hiyo ni hatari ya kweli, kwa hiyo kwa wiki hizi asisujudu. Dini yenyewe imempa nafasi mgonjwa, akae kwenye kiti aashirie kwa kichwa, kurukuu kidogo na sujudu kidogo zaidi, bila kukunja mgongo. Kwenye udhu asijimwagie maji usoni, kuhusu kupangusa kwa mkono uliolowa au kutayamamu mwulizeni sheikh wenu, mwambieni tu kwamba daktari kakataza maji yasiingie jichoni. Wengi wa wagonjwa wangu wazee hulia machozi nikiwaambia hili, wanahisi swala imepungua, kwa hiyo mweleze kwa upole na mweleze kwamba ni la muda. Daktari akishasema maji ya nyuma yamekwisha na presha imetulia, tuseme 8 au 10 kwenye vipimo viwili vinavyofuatana, muulize mbele ya mama, kwa sauti asikie mwenyewe, kama sasa anaweza kurudi kwenye mkeka.